Siku moja maishani mwangu: inchi 72 na nusu

Saa 11 alfajiri niliamka kwa adhana, nikaswali, nikachemsha chai, nikafunga mahamri mawili kwenye karatasi na kuteremka kivukoni Likoni kabla mashua ya watu haijawa msongamano. Kufikia saa 1 asubuhi nilikuwa nafungua mlango wa karakana yangu, chumba kimoja nyuma ya maduka ya leso ya Barabara ya Biashara, Mombasa.

Watu wakisikia kwamba nashona viraka hudhani nashughulika na nguo zilizochanika. Ninachoshona ni mfarishi, yaani tandiko la tabaka tatu: uso wa vipande vilivyounganishwa kimoja kimoja, pamba katikati, na mgongo wa kitambaa kizima, kisha tabaka zote hushikwa pamoja kwa mishono inayopita kutoka juu hadi chini. Nina miaka 14 katika kazi hii. Naisimulia Jumanne hii moja kwa sababu nimechoka kuulizwa kama kazi yangu inahitaji chochote zaidi ya cherehani na muda wa kupoteza.

Kazi ya kwanza ya siku ni maji. Leso nyekundu na nyeusi, hasa zile mpya, hutoa rangi, na leso iliyofuliwa kwa miaka 20 haipungui tena ilhali mpya hupungua, kwa hiyo ukiziunganisha bila kuzifua kwanza, tandiko zima litajikunja siku ya kwanza litakapoingia kwenye beseni. Nililoweka leso tatu, nikazikamua, kisha nikaweka kitambaa cheupe juu ya ile nyekundu na kukipitisha pasi ya moto. Kitambaa kilitoka na doa la waridi. Nikairudisha majini. Mara ya tatu kilitoka cheupe.

Saa 3 niliketi kwenye cherehani. Mfarishi uliokuwa mezani ni wa mama mmoja anayemwoza bintiye mwezi ujao, wa futi sita kwa sita, safu 16 zenye vipande 16 kila moja, jumla vipande 256. Kila kipande hukatwa inchi tano, na kila mshono hula robo inchi kwa kila upande, hivyo kipande hubaki na inchi nne na nusu usoni. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa. Safu moja ina maungio 15, na kila ungio lina kingo mbili; ukiteleza milimita moja tu katika kila ukingo, safu yako itakuwa imepungua sentimita tatu utakapofika mwisho, na jirani yake iliyoshonwa sawasawa haitakubali kuungana nayo. Milimita moja haionekani kwa mtu anayepita. Fundi wa mifarishi ni yule ambaye jambo hilo humsumbua hata akiwa peke yake chumbani, naye hupima kila safu kwa futi kabla ya kuanza nyingine. Kufikia saa 5 kasorobo nilikuwa nimemaliza safu nane, na kila moja ilikuwa na inchi 72 na nusu, pamoja na ile nusu ya pembeni itakayoliwa na ukanda wa kumalizia.

Wakati huo ndipo alipoingia mteja ambaye sitamsahau upesi. Alikuwa amefuatana na shangazi yake, mama wa makamo aliyejifunga leso juu ya baibui, na mteja mwenyewe mkononi alibeba mfuko wenye leso saba za marehemu nyanya yake. Tulikwisha kukubaliana wiki mbili kabla: kipimo, bei ya shilingi 22,000, arubuni, na kwamba kazi ingekuwa tayari mwisho wa mwezi ujao. Aliyabeba makubaliano hayo yote akayaweka kando bila kuketi.

"Bi fundi, mfarishi nautaka Ijumaa hii."

"Karibu kwanza uketi, dadangu. Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akajibu yule mama, naye akaketi.

Nilimweleza yule dada kwamba leso hazijafuliwa wala kukatwa, na kwamba kuunganisha tu huchukua siku nyingi kabla ya kutia pamba, kupiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kutoka katikati kwenda pembeni ili tabaka zisihame, na kushona juu yake. Akacheka kidogo. "Si viraka tu? Fundi wa pale njiani hunishonea dera siku moja."

Neno hilo hunichoma kila ninapolisikia, na si kwa sababu ya heshima yangu peke yake. Nilimwambia kwamba leso zile alizozibeba kwa uangalifu namna ile zilizaliwa kutokana na viraka. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani hii walinunua vitambaa vya mraba ambavyo Wareno waliviita lenço, wakakata vipande sita kwa mkupuo, wakavishona tatu kwa mbili wakapata vazi moja pana, na jina tunalolitumia Mombasa hadi leo ni lile lile la kitambaa cha mkononi. Shangazi alitikisa kichwa kwa kukubali. Mpwa wake alitazama simu.

Kisha tukazitandaza leso mezani ili tuchague ya katikati, na hapo mambo yakachukua sura nyingine. Yule dada alitaka katikati pawekwe leso nyekundu ya michoro ya korosho, ambayo jina lake, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, lilisomeka: LISEMWALO LIPO. Alisema nyanya yake aliipenda kuliko zote na aliivaa katika kila arusi.

"Hiyo isiwekwe katikati," shangazi akasema.

"Kwa nini, shangazi?"

"Isiwekwe tu."

Mpwa akashikilia, shangazi akashikilia. Mmoja alisema ni kumbukumbu ya marehemu, mwingine akasema kila atakayeingia chumbani na kuyasoma maneno yale kitandani atajua yalinunuliwa kumpiga kijembe nani. Mpwa akauliza yalinunuliwa kumpiga nani. Shangazi hakujibu, ila aliushika ukingo wa leso yake mwenyewe na kuuzungusha kidoleni, na mimi nikajua. Sikuuliza, wala sikuinua macho. Watu huleta nguo pamoja na habari zake. Nimeshona ndani ya ndoa za watu, misiba yao na mikwaruzano ya miaka 30, na fundi anayeyatoa nje aliyoyasikia mezani kwake hapati mfuko wa pili kutoka nyumba ile.

Nusu saa nzima walivutana, nami nilikaa kimya nikizikunja zile sita nyingine kwa rangi. Walipochoka wote wawili, niliwaonyesha jambo. Katikati tutaweka ile leso ya NANI KAMA MAMA ikiwa nzima, mji wake, yaani sehemu ya kati, na jina lake. Ile ya korosho nitaukata mji wake vipande vya uso, kwa kuwa ule wekundu ndio utakaoushika mfarishi wote, na jina lake nitalishona mgongoni, upande unaolalia godoro. Litakuwamo, atalijua mwenyewe, na mgeni hatalisoma. Shangazi alinitazama kwa muda mrefu kisha akasema, "Sawa, mwanangu." Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Nilidhani tumemaliza. Mpwa akasema kwamba kama maneno yanakwenda mgongoni, basi kazi ya usoni imepungua, na bei iwe shilingi 11,000.

Nilipata kusoma habari za Harriet Powers, mwanamke aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1837, ambaye alishona mfarishi wenye visa vya Biblia. Mara ya kwanza alipoombwa auuze alikataa. Mwaka 1891, shida ilipombana, alitaka dola 10 akapewa 5, na leo mfarishi huo umehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Habari hiyo hunijia kila mtu anaponikata bei, kwa sababu naelewa kilichomfanya azipokee zile tano. Nami nina kodi ya chumba na karo ya watoto. Hata hivyo nilisema bei ni ile ile na tarehe ni ile ile, nikalisema polepole, nikalirudia mara tatu kwa maneno yale yale, hadi shangazi aliposimama na kumwambia mpwa wake, "Muache fundi wa watu afanye kazi."

Kabla hawajaondoka nilizihesabu leso mbele yao, nikaziandika daftarini kila moja kwa jina lake, na kuwaahidi kwamba masalio yote, hata ya upana wa kidole, yatarudi kwao mfukoni. Mafundi wametuharibia jina katika jambo hili. Kitambaa cha marehemu hakina bei, na anayekificha kipande chake kabatini ameiba kitu kisichoweza kununuliwa tena dukani.

Ilikuwa saa 7 na nusu. Nilikula mahamri yaliyokwisha kupoa nikiwa nimesimama, nikarudi kwenye cherehani, na nikashona safu nne mfululizo bila kuinuka. Nilishona haraka. Kichwani nilikuwa bado najibizana na mtu ambaye alikuwa amekwisha kuvuka barabara, nikimpa majibu mazuri ambayo sikuyapata alipokuwa mbele yangu, na mguu ulikikanyaga kikanyagio kadiri maneno yalivyozidi kuwa makali. Sikupima safu ya tisa. Sikupima ya kumi.

Zilipokuwa nne nilizipiga pasi, nikazilaza juu ya zile nane za asubuhi, na zote nne zikaishia mbali na ukingo. Nilichukua futi. Inchi 71 na robo, na nyingine chini kidogo ya hapo. Nilikuwa nimekula milimita moja ya ziada katika kila ukingo, jambo nililowaonya wanafunzi wangu wote, na nililifanya kwa sababu nilikaa kwenye kazi ya mtu nikiwa na ugomvi wa mtu mwingine mikononi.

Binti ninayemfundisha alikuwa amerudi kutoka sokoni kununua uzi. Alizitazama safu akasema, "Bi fundi, tukizivuta kidogo si zitafika?"

Zingefika. Pamba huvutika, na kwa pini nyingi na pasi yenye mvuke ningeweza kuzilazimisha zilingane, na mama wa bibi arusi angeupokea mfarishi wake kwa vigelegele. Baada ya kufuliwa mara moja, safu zilizovutwa zingerudi mahali pake na kuuvuta uso wote, na tandiko lingekuwa na mawimbi katikati kwa muda wote wa ndoa ile. Nilimpa binti futi azipime mwenyewe, nami nikatafuta wembe. Safu nne, maungio 15 kila moja, maungio 60. Ukiyapanga mstari mmoja ni takriban futi 25 za kufumua.

Hapo umeme ukakatika, sijui ilikuwa saa 10 au imepita. Tulitoa vigoda mlangoni penye mwanga.

Kufumua kuna adabu yake. Hukivuti kitambaa kwa mikono miwili kama anayepasua kanzu kuukuu, kwa maana leso hulegea kingo na kipande hakitakuwa tena na inchi tano. Unakata kwa wembe mshono mmoja kila baada ya mitatu au minne kwa upande mmoja, unakigeuza kipande, unaushika uzi wa upande wa pili na kuuvuta taratibu, nao hutoka mzima kama mfupa wa samaki aliyeiva vizuri. Kisha unaokota nyuzi fupi zilizobaki, moja moja, kwa kucha. Nilimwonyesha binti ungio la kwanza. La pili akalifanya yeye, akakata kitambaa kidogo, akaniangalia kwa hofu. Nikamwambia tuna mabaki ya rangi ile, akate kipande kingine kesho, aendelee. Nilimtazama zaidi mikono kuliko macho, na mikono yake haikuharakisha baada ya kosa. Kwangu hiyo ni dalili kubwa kuliko kujua kushona mstari ulionyooka, na nimewahi kuwaaga wanafunzi walioshona vizuri kuliko yeye kwa sababu hawakuweza kukaa na kosa lao robo saa bila kulaumu uzi.

Aliniuliza kwa nini pembe za mifarishi yangu huzitia vitambaa vilivyokunjwa pembetatu. Nikamweleza habari za wanawake wa Kisidi wa jimbo la Karnataka nchini India, watu ambao asili yao ni bara letu, na ambao hushona matandiko ya nguo kuukuu kwa mkono, wakianzia ukingoni na kuzunguka kuelekea ndani hadi katikati pafungwe. Pembeni huweka vikunjo waviitavyo ua, na kwao tandiko lisilo na ua liko uchi. Alisikiliza bila kuacha kuokota nyuzi.

Mgongo uliniuma tangu ungio la 20. Kufikia la 40 kidole gumba kilikuwa hakihisi wembe vizuri, nikakivalisha subana ambalo kwa kawaida huvaliwa kidole cha kati. Tulisimama kwa Magharibi, tukarudi, tukamalizia kwa taa ya simu. Binti nikamruhusu aende kwao kabla giza halijaingia sana.

Umeme ulirudi karibu na Isha. Ningeweza kufunga mlango. Nilibadilisha sindano, kwa sababu ile ilikuwa imeshona tangu asubuhi na ncha yake ilikuwa imekuwa butu, nikapiga pasi vipande 16 vya safu ya tisa, nikaketi, na nikashona maungio 15 huku nikisimama kupima baada ya kila matatu. Sikumfikiria mtu yeyote. Nilipomaliza nililaza safu juu ya meza na kunyoosha futi pembeni yake.

Inchi 72 na nusu. Nikaandika daftarini: "Safu ya 9 tayari, ya 10 hadi 12 kesho," nikazima taa, nikaenda kupanga foleni ya kivuko.