Siku moja ya wakili wa kujitolea kwa mahabusu wakimbizi, Mtwara

Wengi hudhani kazi yetu ni kupaza sauti mahakamani. Kwa waliovuka Mto Ruvuma wakikimbia vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kazi kubwa ni ya kalamu: maneno "nilikimbia vita" yaingie kwenye karatasi rasmi kabla mtu hajaandikwa mhamiaji haramu.

Saa 1 asubuhi ni kupanga jalada. Barua ya kuomba kuonana na mteja iwe na nakala mbili, moja irudi na muhuri. Pedi, sabuni na maziwa ya unga viwe havijafunguliwa, la sivyo vinarudishwa getini.

Saa 3, getini. Hapa ndipo siku inapoliwa. Afande anashusha kidole kwenye daftari: "Wakili, huyo mtu hayupo." Yupo. Jina la João limeandikwa kwa kusikia tu, likawa Zuau, au Juwau, au jina la baba limetangulia. Amade amegeuka Ahmadi. Dawa yake ni kufika na karatasi yenye tahajia zote, namba ya kesi na kijiji alikokamatwa, kisha kuomba kwa upole daftari litafutwe kwa tarehe ya kupokelewa. Hata hivyo kituo kinaweza kuwa na jina hili, hati ya mashtaka lile, na daftari la gereza jina la tatu. Simu zinapigwa, aliyekwenda kunywa chai anasubiriwa, saa 5 inapita tumesimama juani, na kule ndani kuna mama anayenyonyesha.

Tukiingia, maswali ya kwanza ni ya mwili: umekula nini, unalala wapi, dawa zilikatika lini, mtoto ana miaka mingapi. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, asilazwe na wakubwa. Kila shida iandikiwe barua yake siku hiyohiyo, na ombi moja tu. Barua ya malalamiko kumi haijibiwi.

Ndipo safari yenyewe. Asiyekumbuka tarehe huulizwa kama alivuka kabla au baada ya mji wa Palma, kwao Cabo Delgado, kushambuliwa, Machi 2021. Swali zito ni hili: ulijitokeza kwa nani kwanza? Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inampa siku saba kufika kwa ofisa aliyeidhinishwa, mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani. Aliyemwendea mtendaji ametimiza wajibu wake, na hilo lisemwe kwa nguvu.

Mchana ni mahakamani. Mshtakiwa anaulizwa: "Uliingia Tanzania bila kibali, ni kweli?" "Ni kweli," anajibu, maana kweli alivuka kwa mtumbwi usiku. Jibu likiishia hapo, ametiwa hatiani. Wakili aombe mkalimani mapema. Mmakonde huenda akaelewana na karani wa Newala, lakini msemaji wa Kimwani au Kimakua huitikia kwa kichwa tu kwa heshima. Kisha mshtakiwa aseme yote: "Niliingia, nilikuwa nakimbia kuuawa." Kukiri kwenye utetezi ndani yake si kukiri, hivyo hakimu huandika kwamba amekana. Hapo tunaweka mezani ibara ya 31 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951: mkimbizi aliyejitokeza bila kuchelewa na kueleza sababu haadhibiwi kwa kuingia bila kibali.

Baada ya hapo saa hatuziangalii tena. Miguu inauma, njaa imeshapita yenyewe, na barua bado. Tunaanza na ya mama anayenyonyesha, kisha za dawa. Za majina zinafuata, maana tahajia isiporekebishwa leo, tarehe ya kutajwa kesi mteja atakosekana tena kwenye daftari.