Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa sayansi na daftari la alama

Saa 1:00 asubuhi

Kengele bado haijalia, lakini mlangoni mwa maabara visanduku viwili vimeshawekwa. Cha kwanza kinapokea kazi za kukusanya, kama ripoti za maabara, mpaka saa 1:15, kisha nakiingiza ndani. Atakayefika baadaye anatumbukiza yake kwenye cha pili, na juu ya ukurasa anaandika tarehe na saa kwa mkono wake mwenyewe. Ubishi wa "mwalimu, mimi mbona niliweka jana" unaishia hapo.

Makato ya kuchelewa yamo kwenye karatasi ya kanuni ambayo kila mwanafunzi hupewa wiki ya kwanza ya muhula, tena yameandikwa kwa mfano wa hesabu. Kuandika tu "asilimia 10 kwa siku" ni kujitafutia kesi. Chukua mwanafunzi aliyepata 60 kwa 100 na kuchelewa siku tatu. Ukimkata alama 10 za karatasi nzima kila siku, anabaki na 30. Ukimkata asilimia 10 ya zile alama alizopata, anabaki na 42. Mimi natumia hesabu ya pili, na makato yanakoma siku ya tatu. Kazi inafungwa kabisa siku ninaporudisha zilizosahihishwa, kwa sababu tangu saa hiyo majibu yako mikononi mwa darasa zima.

Saa 1:30

Kazi ya nyumbani ina maswali matano tu: matatu ya kipindi kilichopita, moja la wiki iliyotangulia, moja la mada ya mwezi uliopita. Mwanafunzi wa kawaida anaimaliza kwa dakika 20 hadi 25. Ikizidi sana hapo, watakaoimaliza ni wale wenye mtu wa kuwasaidia, na alama zinaanza kupima nyumba badala ya mwanafunzi.

Wakati wanafanya swali la kuanzia lililoko ubaoni, napita kati ya meza na kalamu nyekundu. Aliyeonyesha njia anapata 2 hata kama jibu limekosewa, mwenye majibu matupu bila njia anapata 1, mwenye ukurasa mweupe anapata 0. Usahihi tunaushughulikia ubaoni kwa pamoja. Haya ni mazoezi, na ukimkata mtu alama kwa kukosea mazoezini utamfundisha kudesa.

Kudesa hata hivyo kupo. Dawa ninayoiamini ni kumpa kila mmoja namba zake. Swali la densiti (tungamo kugawa kwa ujazo) linasema: "Kipande cha madini kina tungamo la gramu 50 + N na ujazo wa sentimita za ujazo 20. N ni tarakimu ya mwisho ya namba yako ya usajili." Majibu yanaanzia 2.50 mpaka 2.95, yakipanda kwa 0.05, kwa hiyo ufunguo wote unaenea kwenye mistari kumi. Anayetaka kunakili kwa jirani inabidi kwanza aelewe hesabu ya jirani, na akishafika hapo, kazi ya nyumbani imefanya kazi yake.

Kazi za nyumbani zote kwa pamoja zina uzito wa asilimia 10 ya alama za muhula. Mitihani ina 50, maabara 30, mradi 10. Nimeona mipango inayozipa kazi za nyumbani asilimia 40, na kwenye mpango wa namna hiyo mtu aliyenakili muhula mzima anaingia kwenye mtihani wa mwisho akiwa na 40 mfukoni.

Saa 3:00

Kipindi cha maabara, pendulamu, yaani gololi inayobembea kwenye uzi. Wanafunzi watatu kwa kila kikundi: mmoja anaachia gololi, mmoja anahesabu mibembeo, mmoja ana saa ya kupimia. Vipimo wanachukua pamoja, ripoti kila mtu anaandika yake. Mpaka kati ya kushirikiana na kunakili nimeuchora hapo hapo: jedwali la vipimo linaruhusiwa kufanana, kila kitu kinachofuata baada yake hakiruhusiwi.

Vipimo vinaandikwa kwa kalamu ya wino moja kwa moja, kosa linakatwa kwa mstari mmoja ili lisomeke, na hakuna anayetoka kabla sijaweka sahihi chini ya jedwali. Jedwali hilo lenye sahihi ndilo linalobandikwa kwenye ripoti. Bila utaratibu huu, siku ya kukusanya unaletewa jedwali safi kama limetoka dukani, marudio matatu yote yakiwa sekunde 28.40, na huna pa kuanzia kuuliza.

Miwani ya kinga ina kanuni yake: asiyeivaa kwenye jaribio linaloihitaji anatolewa kwenye jaribio. Simkati alama. Usalama hauuzwi kwa alama mbili, na mwanafunzi anayejua anaweza kulipa hizo mbili akaendelea atazilipa.

Saa 4:30

Mapumziko. Ukutani linaning'inia faili lenye mifuko, mfuko mmoja kwa kila siku ya wiki. Karatasi zilizobaki kipindini naandika juu yake majina ya waliokosekana na kuzitia kwenye mfuko wa siku hiyo. Aliyekuwa mgonjwa jana haji kuniuliza "tulifanya nini", anakwenda kwenye faili kwanza. Kisha anakuja na swali la maana.

Muda wa kufidia ni siku mbili za masomo kwa kila siku moja aliyokosa kwa ruhusa, zisizidi 10. Mtihani una masharti tofauti. Kama ulitangazwa kabla hajaugua na alikosa siku ya mtihani peke yake, anaufanya siku anayorudi, kwa sababu maandalizi alikwisha kuyafanya. Kama alikosa pia vipindi vya mada yenyewe, anapata muda wake kamili. Mtihani wa fidia una maswali mengine yenye ugumu ule ule. Ukimpa ule ule wa wenzake umempa na majibu.

Mtoro asiye na ruhusa? Anafidia pia, ila kwa makato ya kuchelewa. Wapo walimu wanaompa sifuri moja kwa moja, na nawaelewa. Lakini utoro una njia zake za nidhamu, na daftari langu la alama linatakiwa lionyeshe kama anajua sayansi.

Saa 5:00

Sina kipindi, nasahihisha ripoti za pendulamu za darasa jingine. Sehemu ya juu yenye jina imekunjwa. Nasahihisha kipengele kimoja kwa ripoti zote, ndipo nahamia kinachofuata: grafu zote kwanza, halafu hesabu zote. Ukisahihisha ripoti moja mpaka mwisho, ile ya thelathini utaisahihisha kwa mkono mzito au mwepesi kuliko ya kwanza, na hutajua.

Ripoti ina alama 20: jedwali 4, grafu 5, hesabu 4, uchambuzi wa makosa 4, hitimisho 3. Za grafu ninazitoa hivi. Moja kama mihimili ina majina na vizio. Moja kama skeli imeeneza nukta zaidi ya nusu ya karatasi. Moja kama nukta hazijapotoka zaidi ya nusu ya kijimraba kidogo. Moja kwa mstari mmoja ulionyooka unaopita katikati ya nukta, si ule wa kuunganisha nukta kwa nukta. Moja kama pembetatu ya kutafutia mteremko imechukua zaidi ya nusu ya urefu wa mstari.

Kwenye hesabu natumia kanuni ya kosa lililobebwa: akikosea hatua ya kwanza, halafu hatua ya pili akaifanya sawasawa kwa namba yake mbovu, alama za hatua ya pili anazipata. Kizio kilichosahaulika kinakatwa mara moja kwa swali zima. Jibu la pendulamu ni g, mchapuko wa kitu kinachoanguka, ambao hapa duniani ni karibu 9.8. Anayeandika g ni mita 979 kwa sekunde ya mraba ameacha urefu katika sentimita. Nampa alama za njia, lakini za kupima uhalisia wa jibu anakosa, kwa sababu namba ya namna hiyo inatakiwa imshtue.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni uchambuzi wa makosa, maana kwenye pendulamu jibu lenyewe linakueleza kilichotokea mezani. Uzi wa mita 0.50, mibembeo 20 kwa sekunde 28.4: mbembeo mmoja ni sekunde 1.42 na g inatoka 9.79. Nikikuta 10.8 na kitu, najua karibu kwa hakika kwamba mhesabuji alisema "moja" gololi ilipoachiwa badala ya "sifuri". Alihesabu 20, gololi ilikuwa imebembea 19. Nikikuta 9.6 kwa uzi huo mmoja, mara nyingi urefu ulipimwa mpaka juu ya gololi badala ya katikati yake; sentimita moja ya nusu-kipenyo inatosha kabisa. Aliyechora grafu ya mraba wa muda dhidi ya urefu anaokoka kosa hilo la pili, kwani mteremko haubadiliki na mstari unaacha tu kupita kwenye sifuri.

Kwa hiyo 10.8 yenye maelezo mazuri inapata alama 4 kamili za uchambuzi. Na 9.81 iliyoandikiwa "makosa ya kibinadamu" inapata 0. Hayo maneno mawili nimeyapiga marufuku kwenye ripoti. Sema ni kosa gani, na lilisukuma jibu kupanda au kushuka.

Saa 7:15 mchana

Malalamiko ya alama. Kujumlisha vibaya nasahihisha papo hapo, bila fomu, bila maneno. Anayepinga usahihishaji wenyewe anasubiri mpaka kesho yake, kisha analeta sentensi moja iliyoandikwa, ikionyesha kipengele gani cha mwongozo wa usahihishaji anadhani amekitimiza. Mwisho ni siku tatu baada ya karatasi kurudishwa. Narudia swali zima, na alama zinaweza kushuka. Kusubiri siku moja kunachuja nusu ya malalamiko. Hasira imepoa na mwongozo umesomwa.

Wanaoomba alama za bonasi kwa kazi ya ziada jibu ni hapana. Bango la kupendeza halifidii mada ya umeme.

Saa 8:30

Fidia ya maabara, na hapa ndipo sayansi inapoachana na masomo mengine. Insha unaweza kumpa mtu akaiandike nyumbani, jaribio huwezi. Na kuna majaribio yasiyosubiri. Haidrojeni peroksaidi inavunjika taratibu ikiwa chupani, hivyo vipimo vya kimeng'enya (protini inayoharakisha kuvunjika huko) vya wiki ijayo havilingani na vya leo. Sodiamu haidroksaidi iliyoachwa wazi inafyonza kaboni dioksaidi ya hewani na nguvu yake inapungua. Aliyefanya taitresheni (kupima nguvu ya kimiminika kimoja kwa kukidondoshea kingine) siku tano baadaye kwa chupa ile ile atapata jibu tofauti bila kosa lolote la kwake.

Nina njia mbili. Jaribio likirudiwa kirahisi, kama pendulamu, analifanya kwenye kipindi hiki cha wazi cha mara moja kwa wiki, nikiwepo mimi au fundi wa maabara. Peke yake haingii, hata kama kazi ni ya kupima uzi. Na kama hakuwepo siku ya maelekezo ya usalama, maelekezo yanatangulia. Jaribio lisiporudiwa, anapewa jedwali lenye sahihi la kikundi chake, anaandika ripoti, na anahesabiwa kwa alama 16. Zile 4 za jedwali zinatoka kwenye hesabu yake, kwa vile hakupima yeye. 12 kwa 16 ni asilimia 75, haigeuki kuwa 12 kwa 20.

Akikosa majaribio mawili mfululizo yenye stadi moja, kwa mfano kusoma bureti (mrija wenye vipimo wa kudondoshea kimiminika), hapo namwita apime maji tu mbele yangu kwa dakika kumi. Stadi isipopimwa hata mara moja, alama ya maabara inadanganya.

Saa 9:30 alasiri

Mtihani wa marudio. Tiketi ya kuingia ni masahihisho ya mtihani wa kwanza: kila swali alilokosa, jibu sahihi, na sentensi moja ya kwa nini lile la kwanza si sahihi. Anarudia sehemu alizofeli tu, mara moja, ndani ya wiki mbili. Alama mpya inachukua nafasi ya ya zamani, sitafuti wastani wa hizo mbili. Aliyeielewa densiti leo anaijua sawa na aliyeielewa wiki jana.

Saa 10:15

Kuingiza alama kwenye jedwali la kompyuta. Mwanafunzi mwenye 80, 80, 80 na nafasi moja wazi: fomula ya wastani inaruka nafasi wazi na kuleta 80. Ukiandika sifuri, inaleta 60. Na ukitumia fomula ya jumla ukagawa kwa 4, nafasi wazi inageuka sifuri bila wewe kuona. Kutoka kwenye ile 60, anahitaji kazi 12 nyingine za 80 ili wastani ufike 75, ndiyo maana siandiki sifuri kwa haraka.

Kwa hiyo natumia alama tatu. R ni ruhusa, kazi imeondolewa kwenye hesabu. S ni subiri, na kando yake kuna tarehe ya mwisho. 0 ni kazi iliyodaiwa, muda ukapita, haikuja. Herufi hizo fomula ya wastani inaziruka yenyewe. Kila kundi la kazi linageuzwa kuwa asilimia kabla ya kuzidishwa kwa uzito wake: mitihani 68, maabara 80, mradi 70, kazi za nyumbani 90 zinaleta 34, 24, 7 na 9, jumla 74. Ukijumlisha alama ghafi bila hatua hii, mtihani mmoja wa 100 unameza kazi za nyumbani 20 za alama mbili mbili.

Kila Ijumaa napitia S zote. Iliyopita tarehe inakuwa 0, na mwenyewe anapelekewa karatasi ndogo yenye jina la kazi na tarehe iliyopita, anaisaini, nakala inabaki kwenye faili.