Darasa Bila Bando: Laptop Moja, Ruta Moja na Kolibri

Kuonyesha somo la sehemu (nusu, robo na kadhalika) kwa video darasani hakuhitaji bando. Kunahitaji laptop iliyokwisha kuchoka, ruta ya kawaida na programu ya bure iitwayo Kolibri, iliyotengenezwa na Learning Equality ya Marekani. Masomo unayashusha mara moja pale penye mtandao. Ukifika darasani, laptop inayagawa kwa vishkwambi na simu, na intaneti haiguswi tena. Hata vile vishkwambi vya Sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu Tanzania vinatosha, maana kinachotakiwa ni kivinjari tu.

Kuisakinisha ni dakika chache. Kazi ipo kwenye kuchagua masomo. Mna Khan Academy kwa Kiswahili, mna Ubongo Kids, mna vitabu vya hadithi vya African Storybook, na tamaa ya kubeba vyote ndiyo inayojaza diski. Kila mkusanyiko kama huo huitwa chaneli; usichukue chaneli nzima. Ifungue, weka tiki kwenye mada za muhula huu, na kabla ya kubonyeza soma ukubwa wa ulichochagua na nafasi iliyobaki. Vyote vinaonyeshwa hapo hapo. Hesabu za Khan hazifuati mpangilio wa muhtasari wetu, kwa hiyo kaa na andalio lako la somo pembeni. Notisi zako za PDF, sauti za MP3 na maswali unayotunga unavipandisha kwenye Kolibri Studio, tovuti ya kuandalia chaneli yako mwenyewe, unachapisha, unapewa tokeni, yaani msimbo mfupi, ya kuandika kwenye laptop ya shule ili ivishushe. Hiyo ndiyo sehemu yenye faida kuliko zote, na ndiyo walimu wengi wasiyoigusa.

Sasa mtandao wa darasani, ambako mipango mingi hufia.

Kwanza waya. Nyuma ya ruta kuna tundu moja lenye rangi tofauti au lililoandikwa WAN. Hilo ni la intaneti kutoka nje. Laptop ichomekwe kwenye mojawapo ya yale yaliyoandikwa LAN. Ukikosea, laptop na vishkwambi vinakuwa pande mbili zisizoonana, ingawa taa zote zinawaka vizuri.

Pili, anwani. Kolibri inakuonyesha anwani ya kuandika kwenye vishkwambi, kitu kama http://192.168.1.100:8080. Andika yote, pamoja na http na nukta mbili; ukiifupisha, kivinjari kinaweza kwenda kuitafuta Google na kulalamika hakuna mtandao. Ruta inaweza kubadilisha namba hiyo ikizimwa na kuwashwa, halafu Jumatatu kila mtu anasema programu imeharibika. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, sehemu ya DHCP (ndiyo inayogawa namba hizo), uihifadhie laptop namba moja ya kudumu. Kisha iandike kwa chaki juu ya ubao.

Tatu, Windows. Kama Kolibri inafunguka kwenye laptop yenyewe lakini vishkwambi vinazunguka tu bila kufunguka, shuku ukuta wa kinga (firewall), unaozuia vifaa vingine kuifikia laptop: Windows imeuhesabu mtandao huo kuwa wa hadharani. Ubadilishe uwe wa binafsi. Papo hapo zima usingizi wa laptop, na weka isilale hata kifuniko kikifungwa.

Simu zina ujanja wao. Android ikiona Wi-Fi haina intaneti hukimbilia data ya laini. Zima data, na simu ikiuliza kama ibaki kwenye Wi-Fi hiyo, kubali.

Ruta ndogo ikibebeshwa video kumi na tano kwa wakati mmoja, zitakwamakwama. Gawa darasa: kundi moja litazame, jingine lifanye mazoezi, ambayo ni mepesi kwa mtandao.

Kila mwanafunzi awe na akaunti yake. Kwa wadogo ondoa sharti la nywila, wachague jina na kuingia. Wakitumia kama wageni masomo yanafunguka, ila maendeleo yao hayaingii kwenye ukurasa wa mwalimu, na hapo umepoteza sababu kubwa ya kuwa na mfumo. Angalia pia saa ya laptop. Nyingi za zamani betri yake ndogo ya ndani imekufa, tarehe inarudi miaka nyuma kila ikizimwa kabisa, na ripoti zinachanganyikana.

Umeme ukikatika, laptop inabaki na betri lakini ruta inakufa. Pawabenki ya mAh 10,000 ina takribani Wh (wati-saa) 37. Toa kinachopotea njiani, ruta inayokula wati 5 inakwenda saa tano hivi. Utahitaji waya wa USB unaopandisha volti za pawabenki zifikie za ruta. Soma kwanza chini ya ruta: ya volti 9 ukiipa 12 unaweza kuiunguza.

Mzazi anayetaka mtoto aendelee nyumbani aelezwe mapema kwamba ile anwani haifanyi kazi nje ya Wi-Fi ya shule. Asakinishe Kolibri kwenye simu yake ya Android na aunganishe akaunti ya mtoto akiwa shuleni. Masomo yatakaa ndani ya simu, kwa hiyo apunguze picha na video za WhatsApp kwanza. Mazoezi aliyofanya mtoto yatahamia kwenye laptop siku simu hiyo itakaporudi kwenye Wi-Fi ya shule.