Shimo la Guldursun

Mpwa wangu kapiga simu juzi, anahema. "Shikamoo mjomba. Kuna jamaa wana mashine ya kupima madini, wanasema Mjerumani alizika mali chini ya ule mwembe. Tuchange?" Nikamwambia angoje kwanza. Mawazo yalishanipeleka Guldursun, magofu ya ngome huko Uzbekistan.

Enzi nikisoma Tashkent, zama za Wasovieti, wanafunzi wenyeji walipopelekwa kuvuna pamba, sisi wageni tulibaki bwenini tukikodoleana macho. Mwalimu wa historia akatuhurumia, akatupeleka Khorezm, eneo la kale iliko ngome hiyo. Vumbi, daraja la kuelea juu ya mto Amu Darya, vumbi tena.

Ngome yenyewe ni kuta za udongo katikati ya mashamba, ndefu kupita minazi. Ndani hamna kitu. Ardhi imefanya ukoko wa chumvi, kila hatua kwaru, kwaru. Mzee mmoja mchunga mbuzi akatufuata, dereva akawa mkalimani. Zamani, akasema, Wakalmyk, kabila la wafugaji wahamaji, waliuzingira mji mpaka njaa ikauma. Wenyeji wakamshibisha fahali ngano yao ya mwisho, wakamtoa langoni. Adui akamchinja, akakuta tumbo limejaa ngano, akakata tamaa: kama ng'ombe wanakula hivi, watu je? Wakaanza kufunga mizigo. Lakini Guldursun, binti wa mfalme, alishampenda kijana wa upande ule, akamwandikia siri yote. Mji ukaanguka, naye akafungwa kwenye mikia ya farasi, akachanwa. Hazina imebaki chini, inalindwa na joka, na anayeitafuta hufa.

(Vitabu vinasema ni Wamongolia, karne ya 13. Hakuna aliyembishia mzee.)

Mwalimu akacheka. Profesa Tolstov, mwanaakiolojia wa Kisovieti, alisimuliwa hayohayo miaka ya 1930, akapima kuta, akaokota sarafu, na akaishi mpaka 1976. Ushirikina mtupu!

Chini ya ukuta palikuwa na shimo la kumtosha mtu mmoja. Alama za sepetu zilikuwa mbichi bado, na mdomoni pamelala kigae cha buluu ambacho aliyechimba hakukijali. Ubaridi ulitoka humo, ukatupiga miguuni.

"Haya, nani anaingia?" mwalimu akauliza.

Rafiki yangu Msudani akainama kufunga kamba za viatu vilivyokuwa vimefungwa. Mimi nilikuwa katikati ya Ayatul Kursi, kimoyomoyo. Ulikuwa woga, au ilikuwa adabu tu kwa mzee wa watu? Mpaka leo sijaamua.

Mwalimu, mwanachama hai wa Chama cha Kikomunisti, ndiye aliyetangulia kupanda basi. Njia nzima hadi mji wa Urgench alitusomesha uchumi wa pamba.