Siku Moja Maishani Mwangu: Globu Inayojizungusha na Kuwaka

Saa 2 asubuhi. Leo tunatengeneza globu ya mchezo wa maswali ya jiografia: mota inaizungusha hadi kwenye nchi inayohusika, na taa iliyo nyuma ya nchi hiyo inawaka. Globu ya plastiki yenye kipenyo cha sentimita 30 inafunguliwa kwenye ikweta, pale ilipounganishwa kiwandani. Isome kabla ya kushika kisu. Kama Sudan bado ni nchi moja, ramani ni ya kabla ya 2011, na wachezaji watabishana mpaka kuche.

Saa 3. Kwa ukubwa huu, digrii moja pale ikweta ni milimita 2.6 tu. Taa ya WS2812B, yaani LED ndogo ya rangi, ina upana wa milimita 5, kwa hiyo ukiibandika wazi nyuma ya Rwanda, Burundi nayo inang'aa. Kila taa inavishwa kofia ya karatasi nyeusi yenye tundu la milimita 2. Unguja haina dawa: kisiwa kizima ndio hizo milimita 2. Gundi iwe ya silikoni, maana supagluu huacha ukungu mweupe kwenye plastiki.

Saa 5. Taa ni 24. Zikiwaka nyeupe kwa nguvu zote, kila moja inakula miliampea 60, jumla ampea 1.44. USB ya kompyuta haiwezi, kwa hiyo tunaweka adapta ya volti 5, ampea 3. Nyaya zinapita ndani ya mhimili wenye uwazi, kisha kwenye pete inayozunguka na kupitisha umeme. Bila pete hiyo zinajisokota hadi zikatike.

Saa 7, chapati maharage huku gundi ikikauka.

Saa 8 mchana, mota. Hapa ndipo wengi hukwama. Tunatumia 28BYJ-48, mota ya bei nafuu inayozunguka kwa hatua ndogondogo, na programu nyingi huandikwa kwamba mzunguko mmoja ni hatua 2,048. Si kweli. Gia za ndani hazigawanyi kwa 64 kamili bali kwa 63.68, hivyo mzunguko ni karibu hatua 2,038. Hatua 10 za ziada kwa kila mzunguko ni digrii 1.8, sawa na kilomita 200 hivi pale ikweta. Globu ikizunguka kuelekea mashariki kama dunia yenyewe, baada ya mizunguko mitano mshale usiozunguka uliolenga Nairobi unakuwa Kongo, magharibi ya Goma. Kwenye programu andika 2,037.9, na hesabu ya mahali ilipo globu ibaki na desimali zake. Kisha gundisha sumaku ndogo karibu na ncha ya kusini na uweke sensa ya sumaku kwenye kitako: kila ikipita, hesabu inaanza sifuri.

Gia zina ulegevu pia. Fikia kila nchi kutoka upande uleule. Ukiipita, rudi nyuma zaidi kisha uje tena.

Saa 11 jioni, vitufe vinne na maswali. Mji mkuu wa Burundi ni Gitega tangu 2019. Orodha za zamani bado zinasema Bujumbura.

Saa 12, globu ikisimama, zima koili za mota. Ukiziacha na umeme, mota inachemka bure, na gia zake zinatosha kuishikilia globu isiteleze.