Siku Baba alipoomba ufunguo

Juzi usiku kitindamimba wangu aliinua kijiko, akakitazama weee, kisha akaniuliza, "Mama, nani aliamua hiki kiitwe kijiko?" Nikamjibu kama ninavyowajibu wanafunzi wangu kila mwaka: hakuna aliyeamua peke yake, watu walikubaliana bila hata kukaa kikao. Akasema basi kuanzia sasa yeye atakiita tulu. Nikamwambia hakuna atakayemwelewa.

"Kwani wewe hutanielewa?"

Nilinyanyuka nikaenda chumbani. Nilikuwa nimemkumbuka Baba.

Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto wa ubongo, kikaondoka na nguvu za mkono wa kulia na majina ya vitu. Daktari aliita hali hiyo afasia. Mimi nilikuwa na miaka mingi ya kufundisha mawazo ya Ferdinand de Saussure, mwanaisimu wa Uswisi, yale aliyoyatoa darasani Geneva kati ya 1907 na 1911, yakachapishwa 1916 naye ameshafariki: kwamba ishara ya lugha ina pande mbili, kiashiria, yaani umbo la sauti, na kiashiriwa, yaani dhana iliyo akilini, na kwamba kinachoziunganisha ni nasibu, yaani mazoea tu, si sababu ya kimaumbile. Sisi husema mbwa, Mfaransa chien, Mwarabu kalb, na anayebweka ni yuleyule.

Mchana ule Baba alisema waziwazi, "Nipe ufunguo."

Nikampa wa mlango. Akatikisa kichwa. Nikaleta wa kabati, wa kasha lake, wa kufuli ambalo hata halikuwepo tena. Kila mmoja aliupokea kwa mkono wa kushoto, akaugeuza, akaulaza juu ya shuka, akarudia polepole kama anayesema na mtu mzito wa kusikia: "Ufunguo." Zikafika sita, zimejipanga kando ya paja lake. Hakukosea hata silabi moja. Sauti ilikuwa nzima kabisa. Dhana ndiyo iliyokuwa imehama. Machozi yakaanza kumtoka kimya kimya, nami nimesimama pale, mikono mitupu.

Kisha akainua kidole, akagusa mwanzi wa pua. Hapo palikuwa na vishimo viwili vidogo, kimoja kila upande, vilivyochimbwa na miwani kwa miaka na miaka.

Mwanafalsafa Mmarekani Charles Sanders Peirce aliziita ishara za namna hiyo indeksi: moshi kwa moto, unyayo kwa aliyepita. Haihitaji watu kukubaliana. Miwani yenyewe ilikuwa imejiandika usoni pa Baba, nami nilikuwa nahangaika na neno.

Nikamvalisha. "Ufunguo," akasema, akishusha pumzi.

"Ndiyo, Baba. Ufunguo."

Tangu siku hiyo nyumba nzima, watu watano, tuliita miwani ufunguo, na funguo tukaziita vyuma. Saussure anasema unasibu haumpi msemaji uhuru wa kujichagulia. Ishara ikishakubalika, mtu mmoja hana uwezo wa kuibadilisha. Nimeifundisha hoja hiyo mara nyingi na bado naiamini. Lakini sisi tuliibadilisha, na ikashika. Labda watu watano wanatosha kuwa jamii ya lugha. Labda ilishika kwa sababu tulimpenda, na hilo sijui nilifundishe vipi.

Mtaalamu wa tiba ya lugha alitusihi tumrudishe Baba kwenye neno "miwani" kila mara, ili njia yake isijifunge. Tulijaribu siku mbili tatu. Alikuwa akitutazama kama watu waliomgeuka, tukaacha. Hakulitamka tena hadi anaondoka. Mpaka leo sijui kama tulimpa neno au tulimnyang'anya.

Nilikuwa bado nimekaa ukingoni mwa kitanda niliposikia sauti kutoka mezani.

"Mama! Tulu langu limeanguka!"

Langu. Limeanguka. Kijiko kiko ngeli ya KI-VI, wala sikuwa nimemwambia tulu liende wapi.