Nimeijaribu beta ya Python 3.13 hapa Langoni
Jana baada ya isha nilikaa barazani na laptopu nikadaunlodi beta (toleo la majaribio) ya kwanza ya Python 3.13, lugha ya kuandikia programu, ile iliyotoka tarehe 8 Mei 2024, na wallahi nimefurahi. Kilichonikamata ni ile sehemu ya kuandika msimbo na kupata jibu papo hapo, zamani ukikosea ndani ya fanksheni (fungu la mistari ya msimbo lenye jina lake) ulikuwa unairudisha mstari mmoja mmoja mpaka uchoke, sasa unabonyeza mshale wa juu fanksheni nzima inarudi, unarekebisha palepale, na makosa yanatoka kwa rangi yanaonekana hata usiku macho yamechoka. Kutoka ni exit tu, mabano hamna tena!

Ile ya kuzima GIL, kufuli ya Python inayozuia nyuzi mbili za programu kuendesha msimbo kwa wakati mmoja, katika 3.13 ni ya majaribio na ina toleo lake peke yake, hiyo bado sijaigusa.

Ila maktaba moja ya Python (msimbo ulioandikwa tayari) ninayotumia kupanga saa za maji kujaa na kupwa, kazi ya ami yangu mwenye mashua, ilikataa kuingia. Kwa hiyo beta nimeiweka folda yake mbali, kazi ya ami inabaki kwenye Python 3.12, maana bamvua haisubiri.